Mpima wa Mapango Yasiyorudi

Nianze na dharau, maana ndiyo niliyokuwa nayo nyingi. Yule mzee tuliyemwita Mpima nilimdharau kwa miaka tisa, asubuhi kwa asubuhi, huku nikimtengea kiti na kumpa chai ya tangawizi. Sisi watu wa ndani tuna dharau yenye adabu. Hatumtukani mtu. Tunamwamkia shikamoo, anaitika marahaba, tunainamia kofia tunayoshona, tunamtazama kwa pembe ya jicho mpaka aondoke, na akishaondoka tunamsema hadi adhuhuri.

Mtu wa ndani ni mimi, na sijitetei. Nimezaliwa hapa hapa Makorora, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo Mama aliyakunja akayasukuma chini ya godoro kama barua ya kashfa. Tangu hapo nashona kofia za mkono. Safari yangu ndefu ni soko la Ngamiani, na hiyo nayo nikirudi lazima nijinyooshe kidogo. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba aliyemdharau Mpima hakuwa mtu aliyefika mbali.

Alikuwa amepima ardhi maisha yake yote ya kazi, viwanja na mashamba ya mkonge, na alipostaafu hakuacha kupima, ila ardhi ndiyo iliyomwishia. Alikuwa na kalamu nne kwenye mfuko wa shati, tatu hazikuandika. Alihesabu hatua kutoka mlangoni kwake hadi kwetu: mia moja arobaini na mbili. Siku moja zikatoka mia moja arobaini na nne, akasimama barazani anatutazama kwa mashaka.

"Mmesogeza nyumba?"

"Tumesogeza wapi, Mzee?" nikamjibu. "Labda leo umevaa ndara fupi."

Akarudi mpaka kwake, akahesabu upya. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. "Mtu mzima na mvi zake," akasema. "Na hapo ameahidi kututafutia jiwe letu la mpaka. Mwaka wa ngapi huu?"

Jiwe hilo hakulitafuta kamwe. Muda wake wote aliutumia kupima sehemu ambazo hazipo.

Ilianza na kompyuta. Ofisi moja ilikuwa ikitupa mitambo yake mikuukuu, yeye akaomba mmoja, akaubeba kifuani hadi nyumbani kama anabeba mjukuu. Alipouwasha akakuta ndani mtu ameacha mchezo. Mkewe alivumilia wiki moja, kisha akamwambia achague, mtambo ule au yeye. Mpima alikuwa na hekima ya kutosha kutochagua, akauleta kwetu, kwenye chumba cha mbele kilichobaki kitupu kaka yangu alipohama. Mama alikubali kwa sababu ya lile jiwe la mpaka. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuwepo. Mimi nipo siku zote.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mdogo kuliko punje ya mchele anasimama kwenye mdomo wa pango. Ana mkate mmoja na rungu la mti. Pango lina ngazi ishirini za kushuka, na kila ngazi ina vyumba, njia nyembamba, makasha yaliyofungwa na wanyama wenye njaa. Chini kabisa, ngazi ya ishirini, kuna taji. Ukilishika umeshinda. Sasa sikiliza ubaya wake: kila ukianza upya, mchezo unajenga pango jipya kabisa. Ukuta uliokuwa huku uko kule, kasha lililokuwa na dawa leo lina nge. Na ukifa umekufa, unafutwa, unarudi mdomoni na mkate wako na rungu lako. Pango la jana halirudi.

Mara chache sana, chache mno, mchezo unakosea kwa faida yako. Unafungua kasha la kwanza kabisa, pale ngazi ya kwanza ambapo ungetegemea kupata mkate mkavu, unakuta kitu kilichostahili kulala ngazi ya kumi na tano. Hapo ndipo Mpima alipopotelea.

Nitasema ilivyokuwa, kwa sababu yeye aliisimulia mtaa mzima na hakuna siku alipoisimulia yote. Asubuhi hiyo alikuwa akila muhogo wa nazi, vidole vimejaa tui. Akaniambia, "Mwanaidi mwanangu, hebu nibonyezee hapo nianze, nisije nikachafua." Nikabonyeza bila hata kuweka kofia chini. Chumba cha kwanza, kasha la kwanza: shoka la moto. Shoka ambalo likimgusa panya mara moja panya anakuwa majivu, na fisi kwa mapigo mawili. Mpima aliacha kutafuna. Tui likamdondokea kwenye suruali yenye mkunjo wa pasi, hakuona.

"Una mkono mwepesi," akaninong'oneza, kana kwamba pango lingesikia.

Mtu mwingine yeyote angelishika lile shoka akashuka nalo. Mpima alilitia mfukoni. Alikuwa amesoma mahali kwamba silaha katika mchezo ule huchakaa kwa kutumiwa, basi akaona heri alitunze. Kwa wanyama wa juu, akasema, rungu linatosha. Akashuka ngazi ya pili, akashuka ya tatu, na huko akauawa na mbwa mwitu mmoja mnyonge, rungu mkononi, shoka la moto mfukoni halijawahi kupiga hata nzi.

Sehemu ya mbwa mwitu ndiyo hakuisimulia kwa mtu. Msikitini, kwa kinyozi, kwenye mazishi ya watu wasiomhusu, alieleza shoka: linavyowaka, lilivyokaa kasha la kwanza, mkono wa binti wa jirani ulivyolitoa. Watu wakamuuliza, "Ikawaje?" Anawajibu, "Ah, mambo ya mitambo," anabadilisha mazungumzo.

Kutoka siku hiyo nikawa na kazi. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuajiriwa, na niliipata kwa kutochafuka vidole. Kila asubuhi, baada ya chai, ilikuwa lazima mimi nibonyeze kitufe cha kuanza. Mtu wa mbali ataona wazimu, ila mtu wa Tanga ataelewa anakotoka. Wenye maduka hapa wanajali sana nani anatangulia kuingia asubuhi. Kuna mwenye mkono mzuri, akinunua kiberiti tu biashara inaenda siku nzima. Na kuna mwenye kisirani, akitangulia bora ufunge ukalale. Mpima aliichukua desturi ya dukani akaipeleka ndani ya kompyuta, na hakuona mahali ilipopasuka.

Kisha ikawa hivi. Nabonyeza. Anafungua chumba cha kwanza. Hamna kitu, au mkate mkavu. "Tusiingie na mkosi," anasema, anafuta. Nabonyeza tena. Chumba cha kwanza, nge. Anafuta. Nabonyeza. Mara thelathini, mara arobaini kwa asubuhi moja, bila mguu wa yule mtu mdogo kukanyaga chumba cha pili. Nimeshona kofia nzima, kuanzia kitobo cha kwanza mpaka kilele, katika muda ambao mwanamume aliyewahi kupima nusu ya wilaya alikuwa akizaliwa na kujiua mlangoni. Zamani, kabla ya shoka, alikuwa akifika ngazi ya tano, ya sita, na mara moja ya saba. Baada ya shoka, hata ngazi ya pili ikawa sherehe.

Kilichonichekesha zaidi ni ramani. Kila alipokubali kuingia, alichora pango lile kwenye karatasi ya miraba, kwa rula, kwa penseli aliyoichonga kwa wembe. Vyumba, milango, mahali pa kasha, mshale wa kaskazini. Kaskazini! Kwenye kioo! Akimaliza anaandika chini kabisa, kwa mwandiko wa ofisi: ngazi aliyofikia, silaha aliyoshika, jina la mpima, na jina la mshika mnyororo. Mshika mnyororo ni yule msaidizi anayeshika ncha ya pili ya mnyororo wa kupimia ardhi. Nilikuwa mimi. Jina langu limo kwenye mamia ya ramani za mahali ambapo hapakuwepo, na wala sikuwahi kunyanyuka kwenye kiti.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "hilo pango si limeshafutwa?"

"Limefutwa."

"Na halirudi?"

"Halirudi."

"Sasa hiyo ramani ya nini?"

Akapuliza vumbi la kifutio. "Mwanaidi, ukimpima mtu kanzu akafa kabla hujashona, utasema hukumpima?"

Nilimwambia Mama jibu hilo jioni. Mama akasema, "Ningekuwa mkewe ningemshonea sanda."

Aliamini pango la mchezo lilichorwa kwa kuiga mapango ya Amboni. Mzee alikwenda mpaka kule mapangoni na futi yake ya kukunja, akakaa siku nzima, akarudi na popo amemnyea begani na habari kwamba njia moja ina upana sawa na njia za ngazi ya nne. Alikuta wazee wameweka marashi na ubani kwenye jiwe, wanaomba mambo yao, naye akaomba la kwake. Sikumuuliza nini. Alirudi na kijiwe, akakiweka juu ya kompyuta, na kesho yake akaja na kipande cha udi ndani ya karatasi ya daftari, akafukiza kibodi. Chumba kikanuka harusi. Nikabonyeza. Nge.

Alinishawishi mara kadhaa nifuatane naye nikayaone mapango. Nilikataa. Nimezaliwa Tanga na sijayaona mpaka leo. Wageni wanatoka nchi za watu wanakuja kuyaona, mimi nasema jua kali.

Kisirani alichokiogopa kuliko vyote ni ndoo tupu. Akitoka kwake asubuhi akakutana na mtu amebeba ndoo isiyo na maji, safari imekwisha, anageuka. Mama aligundua hilo mwaka wa kwanza. Siku akiwa na wageni, au amechoka tu na harufu ya udi, anamvizia dirishani. Akimuona kwenye kona, ananyanyua ndoo, anatoka mbio mbio kama aendaye bombani.

"Habari za asubuhi, Bwana Mpima."

Mzee anachungulia ndani ya ndoo, anasimama kama aliyegonga ukuta. "Nzuri, bibie. Leo siji."

"Aa, kwa nini tena? Chai tayari."

"Basi tu."

Mama anarudi na ndoo yake kavu, anaiweka chini, anakaa, anacheka mpaka khanga inamvuka. Mimi nacheka naye. Miaka tisa yule mzee hakushuku kwamba mwanamke mmoja hawezi kuishiwa na maji kila penye ugeni.

Lakini nisiseme kwamba hakuwa na akili. Hapo ndipo aliponiudhi. Akiongea habari za watu wengine alikuwa mtu mwingine kabisa. Vijana wenye kiwanja chenye mgogoro walimfuata barazani kwetu, naye akawasikiliza hadi mwisho, akawaambia kwa maneno manne wanachotakiwa kufanya, na walipofanya ikawa. Mwaka fulani nilipata nafasi ya kazi Amani, huko msituni, kukausha majani na kuyabandika kwenye karatasi na kuandika majina yake. Mtu wa ukoo aliyekuwa huko alinitafutia. Nikasema kuna baridi. Nikasema sina sweta. Nikasema chumba wanachonipa hakina dirisha upande wa jua, kwa hiyo ningoje wapate kingine.

Mpima aliniuliza, "Hukipendi chumba?"

"Sikipendi."

"Hujakiona."

"Nimeelezwa."

Alinitazama muda mrefu, kalamu zake nne zikanitazama pia. "Na mimi ndiye unayenicheka," akasema, akageukia kioo chake. "Haya bonyeza."

Nikabonyeza kwa hasira. Niliikumbuka kauli hiyo wiki nzima, na nikamdharau zaidi, kwa kuwa kumdharau kulikuwa rahisi kuliko kutafuta sweta.

Macho yalianza kumwacha mwaka wa nane. Mwanzo alichora kuta nje ya mistari, akasema penseli ni mbovu. Kisha akagonga kiti kile kile asubuhi tatu mfululizo. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitakwenda taratibu hata akiweka matone. Alitupa habari hizo kama anatupa vipimo vya kiwanja.

"Nimebakiwa na mwaka, labda na kitu kidogo. Nataka nilione lile taji kabla kioo hakijafungwa."

Mama akaacha kuchambua mchele.

Sasa, mtu aliyebakiwa na macho ya mwaka mmoja na ngazi ishirini mbele yake, ungedhani ataingia. Hakuingia! Aliendelea kufuta. Chumba kitupu, anafuta. Mkate mkavu, anafuta. Alikuwa akiyatumia macho yale ya mwisho kutazama chumba cha kwanza, mara arobaini kila siku, pua imekaribia kugusa kioo. Dharau yangu haijawahi kuwa kubwa kama wakati ule, na safari hii adabu ilinishinda.

"Mzee, utapofuka mlangoni."

"Nikipata mwanzo mzuri nitashuka."

"Mwanzo mzuri ulishaupata! Ulikufa na shoka mfukoni. Ngazi ya tatu. Mbwa mwitu. Nilikuwepo."

Hakuna aliyewahi kumtajia mbwa mwitu. Alikunywa chai iliyokwisha poa. Kisha akasema polepole, "Ndiyo maana nataka jingine. Hilo nitalitumia."

Nikainamia kofia yangu. Kofia haikuwa na kosa, lakini niliifumua mistari miwili nikaishona upya.

Mwaka ukaisha na kile kitu kidogo nacho kikaisha. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, akabaki peke yake na hatua zake mia moja arobaini na mbili, ambazo sasa alizitembea kwa kushika ukuta. Binti yake anayeishi Mkwaja akasema inatosha, anakuja kumchukua. Siku aliyokuwa akichukuliwa alikuja kwetu asubuhi, kanzu safi, kalamu zote nne. Gari lilikuwa la baada ya adhuhuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeme upo?"

"Upo."

"Mara moja tu. Mikono iwe yako, mimi nitakuelekeza."

Nikawasha. Alikaa kwenye kiti chake, uso umeelekea dirishani na si kwenye kioo, na hapo nikajua kwamba macho yalikuwa yamekwisha kabisa, alikuwa akituficha. Nikabonyeza.

Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Panya mmoja kwenye kona. Hata mkate mkavu hamna.

"Kuna nini?" akauliza.

Nikafikiria zile mara arobaini za kufuta. Nikafikiria kofia ya mtu inayosubiri vitobo, gari la baada ya adhuhuri, taji ambalo hata likiwepo hataliona. Sitasema nilimwonea huruma, kwa sababu nilichokihisi hasa ni uchovu.

"Kuna kasha," nikasema.

"Lina nini?"

"Shoka la moto."

Hakuruka. Hakusema nina mkono mwepesi. Aliweka viganja juu ya magoti. "Lishike mkononi," akasema. "Usilitie mfukoni. Kuna mnyama?"

"Panya."

"Mpige."

Nikampiga kwa rungu la mti. Kompyuta ikatoa ule mlio wake wa kugonga kopo. Nikapiga tena, na tena, panya akafa.

"Twende," akasema Mpima.

Nilichokiona asubuhi hiyo sikukitegemea. Nilimweleza kila chumba: upana, milango, kona. Naye, uso dirishani, akanielekeza kama aliyewahi kuishi humo. "Mlango wa kushoto uache, ni njia isiyotokea popote. Nenda kulia, hatua kama nane kuna chumba." Kilikuwepo. "Usipite katikati, pembeni mwa ukuta ndiko salama." Ilikuwa salama. "Ngazi ya kushuka itakuwa upande wa pili wa ulikoingia." Ilikuwa. Tukapita ya tatu, mahali pa mbwa mwitu, kwa kumzungusha mnyama nje ya chumba na kumfungia mlango. Tukapita ya saba.

"Umejuaje?" nikamuuliza kwenye ya tisa.

"Pango hubadilika, Mwanaidi. Anayelijenga ni yule yule. Ana mazoea yake, kama fundi mwashi yeyote. Huyu hapendi milango miwili kwenye ukuta mmoja." Akapapasa kikombe. "Sasa unadhani nilikuwa nachora nini?"

Ngazi ya kumi tulipata ngao mbovu, tukaivaa. Ya kumi na mbili mtu mdogo alikuwa na njaa, Mpima akaniambia nirudi chumba cha nyuma, fundi huyu hupenda kuacha chakula karibu na maji, na kweli kulikuwa na samaki mkavu. Mama aliingia na chai, akasimama nyuma yetu na sinia mkononi, hakuondoka.

Ya kumi na nne tulikutana na nyoka wawili kwenye njia nyembamba. Nikapiga. Rungu la mti kwa nyoka wa ngazi ya kumi na nne ni kama kumpiga kwa khanga. Nilitafuta kwa macho, naapa, nilitafuta kasha lolote, nikatamani, mimi, mcheka bahati za watu, kasha moja tu lenye shoka la kweli ndani yake. Mtu mdogo akaanguka. Kioo kikawa cheusi, likatokea kaburi ambalo mchezo huchora ukifa, na maandishi juu yake.

"Nisomee kaburi," akasema.

Nikasoma. "Ameuawa na nyoka. Ngazi ya kumi na nne. Mkononi alikuwa na shoka la moto."

"Soma vizuri."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mzee."

Akatoa kanzuni karatasi ya miraba iliyokunjwa, akachomoa kalamu, ile moja inayoandika, hakuikosea. Akanipa vyote viwili.

"Chora njia nzima, utaikumbuka, una macho. Na hapa chini uandike sasa hivi nikusikie. Ngazi: ya kumi na nne."

Nikaandika.

"Silaha: rungu la mti."

Kalamu ikasimama. Mama alinitazama, mimi nikatazama meza.

"Shoka la moto humuua panya kwa pigo moja," Mpima akasema. "Wa kwako alikula matatu. Mimi nimepofuka, Mwanaidi, sijazibwa masikio."

"Sasa kwa nini hukusema? Tungeanza upya."

"Nilitaka kuona uongo wako utatufikisha wapi." Akatabasamu, na lilikuwa ni tabasamu la dharau, ya muda mrefu, iliyotunzwa vizuri kuliko yangu. "Miaka tisa unanitazama kwa pembe ya jicho, wewe uliyeshindwa na chumba cha Amani kabla hujakiona. Nikasema, leo niingie na mkosi, na yeye aingie na mimi. Haya, andika. Mpima: jina langu. Mshika mnyororo: Mwanaidi, muongo."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Ramani haidanganywi."

Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ipo mpaka leo, ukutani, juu ya ile kompyuta ambayo siiwashi. Njia yote niliichora. Nilimuuliza, nikichora, kama haimuumi kwamba taji hatukuliona. Akasema hakuna mtu chumbani mle anayejua lilivyo, kwa hiyo tuko sawa.

Muda wa gari ulipofika alisimama, akagusa kile kijiwe cha Amboni juu ya kompyuta, akakiacha, akashika ukuta akatoka. Mama alikuwa ametutangulia nje. Wallahi hakuwa na nia mbaya safari hiyo, maji yalikuwa yameisha kweli, na alikuwa ndiyo kwanza anatoka na ndoo kuelekea bombani. Alipomuona mzee ametokea mlangoni akaganda, akataka kuificha ndoo nyuma yake, mshikio ukagonga ubavu wa ndoo, ukalia kwa mlio ule wa kitu kisicho na kitu ndani.

Mpima akasimama.

"Ndoo hiyo, bibie?"

"Ndoo, Bwana Mpima," Mama akajibu, sauti ndogo.

"Tupu."

"Tupu. Nisamehe."

"Leo au siku zote?"

Mama akaiweka ndoo chini.

Mzee akatikisa kichwa, akaweka mguu barazani, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akapita ubavuni mwa ndoo, akaenda zake.